Siku Njema Zilimtia Baba Hofu

Baba alikuwa dereva wa lori. Alileta viazi Gisenyi kutoka Mudende, na siku za mvua alifika nyumbani ana tope mpaka kwenye nyusi. Shida hazikumbabaisha. Homa, njaa, gurudumu kupasuka, yote aliyapokea kwa utani. Sikukuu ndizo zilizomshinda. Idi ikifika, sisi tumeshavaa nguo mpya, alitafuta kosa: chai haina sukari, sahani haikuoshwa vizuri. Alifoka, akatoka. Nilikua nikiamini kwamba hapendi kutuona tukicheka.

Nilipoolewa nilihamia Nengo, si mbali na kwetu. Mwaka wa pili nikajifungua mtoto wa kiume. Baba hakuja. Siku ya akika alisema ana safari. Lakini kila jioni lori lake lilipunguza mwendo mbele ya nyumba yetu, kisha likapita. Mume wangu aliona haya mbele ya wazee wake. Mimi nililia.

Mama alipokuja kunikanda maji ya moto, nilimuuliza, "Nimemukosea baba nini?"

Aliendelea kunikanda mgongo kwanza.

"Hukumukosea. Mbele ya wewe kuzaliwa nilizaa mutoto mwanaume. Baba yako alichinja mbuzi wawili, akacheza mpaka viatu vikapasuka. Siku ya tisa mutoto akakufa. Toka pale, akiona furaha anafikiri kifo iko karibu, inasikiliza."

Nilikuwa na miaka ishirini, na sikuwahi kusikia habari za kaka huyo.

Arobaini ilipokwisha nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda pale baba alipokuwa akitengeneza lori. Akatoka chini ya injini.

"Unatafuta nini huku? Jua iko kali."

"Nimekuletea mujukuu yako."

"Mikono yangu iko na mafuta."

"Nitangoja unawe."

Alinawa kwa sabuni, akanawa tena, akanawa hata viwiko. Mwishowe akampokea. Mtoto akamtazama, akapiga chafya. Uso wa baba ulitetemeka, akaukunja haraka.

"Pua yake ni mubaya," akasema.

Nilitaka kumtetea mwanangu. Nikamwangalia baba, nikaelewa.

"Ndiyo, baba. Ni mubaya sana."

Alinitazama kwa shukrani ambayo sijaisahau.

Tangu hapo alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akampakata mjukuu wake na kumtolea kasoro: masikio makubwa, miguu ya bata, sauti ya mbuzi. Mume wangu alichukia mwanzoni. Nilipomweleza, naye akaanza kumsaidia kuzitafuta.

Mtoto alipopiga hatua zake za kwanza, baba alikuwapo. Alipiga makofi mara moja, akashtuka, akatuangalia kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. Sisi tulikuwa tunacheka tu. Akangoja kidogo, kisha akapiga tena.