Mpira wa Leso na Msiba wa Ukraini

Nyinyi vijana mnaosoma haya kwa kidole gumba, poleni na msiba. Mjukuu wangu Juma ana siku mbili hajala. Amefiwa na timu ya mpira ya Ukraini, nchi asiyoijua hata kwa ndoto. "Bibi," ananililia, "ilikuwa timu ndogo, tajiri akaichukua, ikapanda mpaka ikacheza na vigogo wa Ulaya. Sasa tajiri amechoka, imevunjwa!" Nikamuuliza, nikodi turubali na viti?

Msiba huo mimi niliuona nikiwa mdogo, hapa hapa Mwabungo. Timu yetu ilicheza ufuoni maji yakitoka, miguu mitupu. Mpira niliushona mimi, kwa leso kuukuu aliyojifunga mama, nikaujaza sufi. Refa alikuwa bahari: maji yakifika golini, mchezo umekwisha, wala hakuna wa kumtukana. Kaka yangu Hamisi ndiye kipa. Majirani zetu wa Kinondo walikuja wakicheka, wakarudi kwao wamefungwa, hata muhogo wa nazi tuliowapikia hawakuugusa.

Akatokea tajiri mwenye duka Ukunda, akatupenda ghafla. Akaleta jezi, viatu na mpira wa ngozi, akawahamishia kina Hamisi uwanjani. Loo, walipanda! Hamisi akawa haitiki salamu mpaka avae viatu. Mpira wangu akaufanya kizibo cha pipa la maji. Baba akawaambia, "Mgeni akikupikia kwako, hesabu jiko limeshahama." Wakamcheka.

Msimu wa pili tajiri akachoka. Akazifuata jezi zake mpaka kwenye kamba zilikoanikwa. Nikauchomoa mpira pipani, nikamwambia Hamisi, "Kaka, maji yametoka, twende ufuoni."

"Nirudi kwenye matambara, watu wananitazama?"

Hakudaka tena mpaka anaingia kaburini, na wenzake vivyo hivyo. Timu ikafa kwa kuona haya. Ufuo upo, bahari bado yatoka na kurudi kwa saa zake, ila siku hizi wanaocheza pale ni kunguru. Vijana wetu wako vivulini na simu zao, wanailinda Ulaya isipotee.

Leo mwenye hoteli mmoja wa Diani amewaahidi watoto wa mtaa wetu jezi na viatu, na Juma ndiye kipa. Machozi yakakauka papo hapo, akauliza kama wali umeiva.

Umeiva. Lakini nimetandika mkeka uani, nimeweka leso zangu kuukuu, sufi na sindano, nikawaambia wote, wavulana kwa wasichana: jezi haivuki mlango huu, wala sufuria haiepuliwi, mpaka kila mmoja ashone mpira wake kwa mkono wake. Juma, anza wewe.