Bendeji Chini ya Balbu ya Baba Mkubwa

Mvua ikigonga lami ya Penrith, mji wa ugenini ninakoishi sasa, iliyochomwa na jua mchana kutwa, hupanda harufu ya vumbi na mvuke inayonirudisha milimani Kivu, kwenye karakana ya baba mkubwa Zakaria. Nilikuwa msichana mdogo, na kazi yangu kiangazi kile ilikuwa kuanika mchanga. Acha nieleze kwa nini. Baba mkubwa aliunda gurudumu kwa mbao na vipuri vya lori, akalitega kijitoni. Maji yalizungusha gurudumu, gurudumu likazungusha dinamo, na umeme wake ukaendesha feni iliyopuliza makaa ya tanuru, tena ukawasha balbu moja ya kituo cha afya cha jirani. Tanuruni aliyeyusha alumini chakavu kwenye chungu, akaengua takataka kwa upawa mrefu, akamimina sufuria mpya. Sakafu ilitandazwa mchanga mkavu, kwa sababu maji yakinaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kulipuka. “Nje maji ni rafiki yetu,” aliniambia. “Humu ndani yanaua.”

Jioni moja walikuja watu wenye bunduki, wakitaka dinamo kwa ajili ya shaba yake. Baba mkubwa alipokataa, walimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakadondoka kwenye mchanga wangu. Kijana wao mmoja akachungulia chungu kilichotoka motoni.

“Mzee, hii inang’aa. Unatuficha dhahabu?”

“Ni alumini ya sufuria tu, mwanangu. Usikisogeze chungu, mfereji wa maji ya gurudumu uko hapo mlangoni.”

Kijana alicheka, akakipiga teke. Chungu kikapinduka mferejini. Paa lilipasuka, metali ikaruka kama nyuki waliochokozwa. Lundo la mchanga lilinikinga. Baba mkubwa aliungua jicho la kushoto, na mguu wa kijana ukawa nyama iliyogandamana na alumini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini baba mkubwa hakutamka methali. Alimshika kwapani, akamburuta hadi kituo cha afya, nami nikiwafuata.

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kamanda wa wale wenye bunduki akasimama mlangoni.

“Ukimaliza na kijana wangu, tunang’oa dinamo.”

“Sawa, baba,” muuguzi wa kituo alijibu.

Kuanzia hapo alifunga bendeji, akaifungua, akaifunga upya, huku akimkimbilia yule mama kila alipolia.

“Dada, hiyo bendeji haiishi?”

“Unataka mguu uoze, baba?”

Mtoto alipozaliwa akalia, ndipo muuguzi alipokaza fundo la mwisho. Wakang’oa dinamo. Balbu ikawa nyekundu kama kaa, kisha giza.

Baba mkubwa aliunda dinamo nyingine kwa jicho moja lililobaki. Mimi sasa nauguza wazee Parramatta, si mbali na Penrith, ambako taa hazitetemeki na hakuna anayeuliza zinatoka wapi. Msimamizi wangu ni mtu mwema, ila hulalamika kwamba nafunga vidonda polepole mno. Ni kweli. Kabla ya fundo la mwisho hutazama kwanza mlangoni, kisha husikiliza kama kuna mtu mwingine chumbani ambaye bado anahitaji mwanga.