Mama Nipe Kazi

Mtaani kwetu kuna mama mmoja mfupi, mnene, ambaye kicheko chake hufika mlangoni kabla yake. Kazi yake ni kutembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga. Kituo cha afya kilimpa mafunzo na aproni ya bluu, lakini jina tulimpa sisi. Tunamwita Mama Nipe Kazi, kwa sababu akishapiga hodi na kukaribishwa, hakai. Anasema, "Haya, nipeni kazi." Mtampa mchele achambue, au sufuria asugue, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Mke wangu alipokuwa na mimba alimuuliza kwa nini hapumziki hata kidogo.

"Mwanangu, nikikaa kwenye kochi kama mgeni, utaniambia mko salama," alijibu huku povu limemfika viwikoni. "Tukiosha vyombo pamoja, utaniambia miguu inavimba."

Na kweli miguu ilikuwa inavimba, na kichwa kinamuuma. Mke wangu alikuwa hajamwambia mtu. Siku ileile Mama Nipe Kazi alimshika mkono mpaka kituoni, akapimwa presha na kupewa dawa, na mwanetu akazaliwa salama. Ni mtoto wetu wa kwanza, na mimi mvi zimeshaanza kuniota.

Mimi ni fundi makochi. Nafanyia kazi barazani kwangu. Naomba niseme ukweli, iliniuma kidogo kwamba mama huyu hajawahi kukalia hata kochi langu moja.

Ana mtindo mwingine. Jambo gumu hamwambii mtu mzima, humwambia mtoto. Aliwahi kumshika mwanetu akamwambia, "Bwana mdogo, mwambie baba yako aoshe mikono kabla ya kukubeba, ananuka gundi." Nilienda kunawa.

Mama mkwe alikuja kutusaidia kulea. Ni mtu mwema, amelea watoto wengi, na kwake nyumba haikai chafu. Lakini mtoto alipopelekwa kliniki, uzito ulikuwa umesimama palepale. Nesi akamuuliza mke wangu, "Anapewa kitu kingine zaidi ya kunyonya?" Akasema hapana, na hakudanganya, maana hakujua. Nesi akasema wamrudishe wiki ijayo, na asipoongezeka atalazwa hospitalini.

Aliyejua ni mimi. Siku chache kabla nilikuwa nimeingia ndani kuchukua sindano ya kushonea makochi, nikamkuta mama mkwe anamnywesha mtoto maji kwa kijiko. Akanitabasamia. "Joto hili, mkwe wangu! Hata wewe ungetaka." Nikachukua sindano yangu nikatoka. Ningesema nini? Mama mkwe huyo huwa naongea naye nikiangalia sakafu.

Mama Nipe Kazi alipokuja, nilimsindikiza hadi barabarani nikamnong'oneza niliyoyaona.

"Sasa fundi, mbona humwambii?"

"Mama mkwe yule!"

"Basi usimwambie yeye. Mwambie mtoto."

"Si useme wewe?"

"Nikisema mimi, atadhani mkeo kamsengenya. Sema wewe, ibaki ya nyumbani." Akaondoka anacheka, ameniachia mzigo.

Kesho yake mke wangu alikuwa uani anafua. Mama mkwe alikuja barazani na mtoto begani, na kikombe cha maji mkononi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kochi, mdomo umejaa misumari midogo. Nikaitema mmoja mmoja, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Rafiki yangu," nilimwambia mtoto, "tumbo lako ni dogo kama ngumi yako. Maji yakilijaza, maziwa yatakaa wapi? Na maziwa ya mama yako yana maji tayari, hata kukiwa na joto."

Mama mkwe naye akamgeukia mtoto.

"Mwambie baba yako kwamba mama yako alikunywa maji kwa kijiko, na aone alivyonenepa."

"Mwambie bibi namshukuru sana kwa huyo aliyenenepa. Ila nesi amesema usipoongezeka wiki hii, utalazwa."

Kikombe kilishuka chini. Sasa alinitazama mimi.

"Alazwe? Nani kasema? Mbona mimi sikuambiwa?"

Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni. Macho yake ni ya mke wangu kabisa. "Hatukutaka kukutia wasiwasi, mama."

"Wasiwasi wa nani? Huyu si mjukuu wangu?" Akayamwaga maji kwenye kopo la maua, akaenda uani. Niliwasikia wanaongea muda mrefu, halafu wanacheka, na nilijua wananicheka mimi.

Mama Nipe Kazi aliporudi, kabla hajafungua mdomo mama mkwe alimwahi. "Leo nipe kazi mimi!"

"Mlee mama mtu," akaambiwa. "Ale, anywe, apumzike. Na mtoto akianza tu kulamba midomo, mwite mama yake."

Lo! Nyumba iligeuka kambi ya jeshi. Maji yote yaliyokuwa ya mtoto yakahamia kwa mke wangu. "Mama, nitapasuka!" "Kunywa!" Mtoto akifungua mdomo, hata kama ni kupiga mwayo, bibi anaita mpaka majirani wanasikia, "Njoo, mteja kafika!"

Siku ya kliniki nilifunga kazi tukaenda wote. Mtoto akavalishwa kile kikaptula cha kupimia, akaning'inizwa kwenye mizani. Akamkojolea nesi. Mshale ukacheza, ukatulia, na nesi akasema huku anajifuta, "Ameongezeka, na vizuri tu. Hakuna kulazwa." Mama mkwe alipiga vigelegele hadi wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakaitikia bila kujua wanashangilia nini.

Jioni kicheko kilifika mlangoni, na mwenyewe akafuata. "Nipeni kazi!"

Mama mkwe akampa mtoto. "Kazi hii hapa. Ila huwezi kuifanya umesimama, amekuwa mzito huyu."

Mama Nipe Kazi akampima mtoto kwa mikono yake, akatazama huku na huku, akakaa kwenye kochi langu. Akajitingisha kidogo.

"Bwana mdogo," akamwambia mtoto, "mwambie baba yako hili kochi zuri."