Ngumi Bila Rangi

Jambo hili nimelikana miaka mingi, mbele ya marafiki, mbele ya wanafunzi wangu, na mara moja hata redioni, kwa hiyo afadhali nilimalize mapema: mpaka naingia chuo kikuu, niliamini kwamba kila televisheni duniani ina mtu wake wa kuondoa rangi pale watu wanapoanza kupigana. Sikudhani filamu zinatengenezwa hivyo, zikijibadilisha zenyewe. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Ujinga wangu ulikuwa na kina zaidi. Nilidhani ni kazi ya mtu, kama dereva anavyobadilisha gia kabla ya kupanda mlima, na nilizaliwa Kigali, mahali ambapo gari halimalizi dakika bila kupanda au kushuka.

Nyumbani kwetu mtu huyo alikuwa baba.

Tulikaa Kicukiro, siku zile ikiwa nusu mji, nusu migomba. Baba alifanya kazi katika zahanati, kwenye dirisha la dawa: wagonjwa walimpa karatasi ya daktari, naye akawafungia vidonge na kuwaeleza, kwa Kinyarwanda cha upole, lini wale na lini wasile. Mama alikuwa mtu wa Bukoba, na kwa ajili yake Kiswahili ndicho kilichotawala ndani ya nyumba. Kinyarwanda kilianzia mlangoni, Kifaransa kilianzia shuleni. Televisheni na deki yake tulivipata kwa Mzungu mmoja wa Kimihurura aliyekuwa akirudi kwao, na kwa sababu hiyo kila Jumapili baada ya misa na chakula sebule yetu ilijaa majirani.

Kanda zililetwa na jirani mmoja, dereva wa lori, aliyezikusanya njiani kati ya Kigali na pwani. Hazikuwa na majalada wala majina. Zote zilikuwa za ngumi. Steringi anaishi kwa amani, adui anamuua mwalimu wake, steringi anaenda mlimani kujifunza mateke, kisha anateremka. Hatukuelewa neno hata moja la maongezi yao na hatukukosa chochote.

Chini ya kioo cha televisheni kulikuwa na kifuniko kidogo, na nyuma ya kifuniko vigurudumu vya kuzungusha kwa ncha ya kidole. Kimoja kilikuwa cha rangi. Baba alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, akiupa kioo mgongo, mkono wake mmoja ukiwa tayari pale chini. Muziki ulipobadilika, steringi akakunja mikono ya shati, kidole cha baba kilianza kazi. Rangi haikukatika, iliondoka taratibu, kama ukungu wa asubuhi unavyoufuta mlima wa pili na kukuachia alama yake tu. Miti iligeuka majivu. Joho la njano la adui likawa la maziwa yaliyolala. Ngozi za watu zikawa za mawe ya mtoni. Kisha ndani ya dunia hiyo iliyonyamaza watu walirushiana ngumi, na kilichowatoka mdomoni kilikuwa kitu cheusi, chembamba, ambacho kingeweza kuwa wino, au kivuli, au mchuzi wa kunde.

Sikuogopa. Nilitazama jinsi miguu ilivyopanda na kushuka, jinsi mikono ya majoho ilivyofunguka kama mabawa. Kwangu ilikuwa ngoma, iliyochezwa zamani sana, na watu ambao kwa vyovyote walikuwa wamekwisha kupona.

Majirani hawakuipenda ngoma hiyo.

"Muzee, rangi iko wapi?" dereva wa lori alikuwa akiuliza kila Jumapili, kana kwamba ndiyo kwanza anaona.

"Imekwenda kupumzika," baba anajibu.

"Sha, mimi nimetoa kanda mbali, nimekuja kuona damu, weye unatuletea wino!"

"Ukitaka nyekundu nenda buchani."

"Buchani hawapigi mateke!"

Watu walicheka, baba alicheka, lakini kidole hakikutoka. Na muda wote huo alitutazama sisi. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko filamu zenyewe. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka, mimi mbele kwa sababu nilikuwa mdogo, kaka yangu karibu nami, majirani kwenye mabenchi, na nyuma ya wote mama, amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo begani. Baba aliyainua macho yake kutoka pale kwenye kigoda na kuyatuliza mahali fulani juu ya vichwa vyetu, bila kupepesa, mpaka ngumi zikaisha. Nilijua ananilinda. Nilijua anatazama kama nimeogopa, ili aifanye dunia iwe ya majivu zaidi.

Ngumi zikiisha alirudisha rangi, na hapo alikuwa hodari wa kukosea. Hakupata kamwe pale kigurudumu kilipokuwa mwanzo. Steringi alirudi kwa mama yake akiwa na sura ya machungwa, mbingu ya buluu kama sabuni. Baba aliona ni sawa.

Mara moja tu alirudisha rangi kabla ya wakati. Mgeni alibisha hodi uani, mama akaenda kumfungulia, na adui, ambaye sote tulidhani amekufa, akaamka. Rangi ilikuwa imekwisha kurudi, yote, kwa wingi ule wa baba. Sikuangalia kioo. Nilimwangalia baba, na niliona wekundu umemmulika begani, kwenye shati lake jeupe la Jumapili, ukichezacheza. Majirani walipiga makofi. Baba aligeuka kutazama wanashangilia nini, akasimama, akasema anakwenda kuanua nguo, mvua inakuja. Mvua haikuwapo. Nguo pia hazikuwapo. Mama hakufua Jumapili. Nilifumba macho.

Redio ilizungumza habari za vita vya kaskazini, na baba aliipunguza sauti kwa kidole kile kile. Mambo mengi ya miaka ile yamenifikia hivyo, yamepunguzwa.

Pasaka ya mwaka tisini na nne mama alitupeleka Bukoba kumwona bibi aliyekuwa mgonjwa. Baba alibaki kwa sababu ya zamu zake. Aliuawa Aprili hiyo. Nalisema kwa sentensi moja kwa sababu jambo hili lina kipimo cha sentensi moja au cha maktaba nzima, na haya ni maandishi kuhusu televisheni.

Hatukurudi wakati huo. Mama hakununua televisheni nyingine. Mimi nilisomeshwa na masista, ambao filamu zao zilihusu watakatifu na mbu, na kwenye mabasi ya safari ndefu, ambako filamu za ngumi hazikosekani, nilifumba macho kabla ngumi ya kwanza haijafika. Nilijua kondakta hana muda wa kushughulikia rangi.

Ndivyo nilivyofika Dar es Salaam, chuo kikuu, darasa la fasihi na filamu, nimevaa miwani nisiyoihitaji sana. Mwalimu aliweka filamu. Watu wawili wakaanza kupigana kwa panga katika uwanja wa majani mabichi, na majani yakabaki mabichi. Niliona aibu kwa niaba ya chuo. Nikainua mkono.

"Mwalimu, samahani. Leo rangi anaishughulikia nani?"

"Rangi gani, dada?"

"Ya kuondolewa. Wameshaanza kupigana."

Darasa zima likaangua kicheko cha aina inayokufuata mpaka bwenini. Kijana mmoja nyuma akasema, "Mwiteni baba yake aje azime!" Hakujua kitu, alikuwa anatania tu. Ndipo nilipoikana imani yangu kwa mara ya kwanza. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba nilikuwa nauliza kinadharia: je, ukatili wenye rangi unatuambia "sasa hivi", na ule usio na rangi unatuambia "zamani"? Mwalimu alivua miwani yake, inayohitajika. Akaniambia niandike. Niliandika, nikasifiwa, na tangu hapo nimekuwa mtaalamu. Nimealikwa kwenye makongamano kuzungumzia damu nyeusi. Kuna watu wamenukuu maneno yangu kwamba rangi inapoondoka mtazamaji hubaki na umbo la kitendo bila bei yake. Sentensi hiyo ilizaliwa na msichana aliyekuwa akijiokoa asichekwe.

Mwaka jana nilitaka hatimaye kuuandika ukweli, nikampelekea kaka yangu kurasa za mwanzo. Yeye alirudi Kigali zamani, ana ofisi Kacyiru, ni mhandisi wa mitambo ya mawasiliano na anaamini waya kuliko watu. Alinipigia mchana ule ule.

"Mdogo wangu, umeandika vizuri. Ila ni uongo."

"Uongo upi?"

"Baba hakugusa rangi. Televisheni ile ilikuwa ya Ufaransa, kanda zilikuwa za pwani. Zinarekodiwa kwa mfumo mwingine. Ukichanganya, picha inakuja bila rangi. Inashika, inaachia. Ni mambo ya umeme."

"Inaachia wakati wa ngumi tu?"

"Inaachia wakati wowote. Wewe ndiye unayekumbuka ngumi tu."

"Na mkono wake kwenye kifuniko?"

"Alikuwa anajaribu kuirudisha, maskini. Jumapili nzima yuko pale anahangaika." Akacheka, si kwa ubaya. "Halafu weye na rangi wapi na wapi? Ngumi zikianza ulikuwa unafumba macho. Hata sasa unafumba."

Nilimwambia mhandisi hawezi kujua kila kitu. Akaniambia mwandishi anaweza kubuni kila kitu. Tulikata simu kwa adabu ya watu waliokasirika.

Usiku huo na siku zilizofuata nilikwenda huku na huku ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ninavyo vitu vichache vya baba. Sura yake naijua kwa picha moja tu ya kitambulisho, kwa hiyo si yangu, ni ya mpiga picha. Sauti yake imekwisha kuondoka; maneno ya buchani nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Kilichobaki ni kidole kwenye kigurudumu na yale macho yaliyotulia juu ya kichwa changu. Kama ni waya tu, basi nilikuwa nimemtunga baba, nikamfundisha darasani, nikapigiwa makofi.

Mtu pekee aliyejua alikuwa mama. Yeye pia alirudi, anaishi Kicukiro, si mbali na tulipokuwa, lakini si pale. Kuna kanuni kati yetu watatu ambayo hakuna aliyewahi kuitamka: mama haulizwi habari za nyumba ile. Yeye akitaka anasema, na hajawahi kutaka. Mada ikikaribia anatafuta kitu cha kufuta kwa kitambaa. Kwa hiyo sikumuuliza. Nilikubali, kidogo kidogo, kuwa na baba wa kubuni. Ndotoni niliota sebule ile, kigoda kipo, televisheni inang'aa, na pembeni yake hakuna mtu.

Kumbe kaka yangu, kwa kiu ya kushinda, alikuwa amekwenda Kicukiro na kuuliza. Aliniambia baadaye kwamba mama hakumjibu; alifuta meza iliyokuwa safi, akamuuliza kama amekula. Wiki kadhaa zikapita.

Simu iliita alasiri ya Jumapili. Mama hapigi simu Jumapili, huo ni wakati wake wa kulala.

"Kaka yako anasema televisheni yangu ilikuwa mbovu," alisema, bila salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kabisa. Ni baba yenu na kidole chake. Akimaliza anatuletea watu wa machungwa, kama wamelishwa karoti mwezi mzima. Nilimgombeza kila Jumapili kwa sababu ya machungwa yale."

Nilikaa chini, sakafuni, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Alikuwa anatuonea huruma sisi," nilisema. "Alikuwa ananitazama mimi, aone kama naogopa."

"Wewe?" Mama alicheka. Sijui mara ya mwisho nilimsikia lini akicheka juu ya kitu cha nyumba ile. "Mwanangu, baba yako alikuwa haoni damu akabaki amesimama. Unadhani kwa nini alikaa dirisha la dawa miaka yote ile? Walimjaribu kwenye chumba cha vidonda, akaanguka, mgonjwa ndiye aliyemshika. Wewe na uoga wako wa sindano umeutoa wapi?"

"Lakini alikuwa anatazama..."

"Alikuwa ananitazama mimi. Mlangoni. Yeye kioo hakigeukii, atajuaje kama wamemaliza? Wale watu wanapumzika, wanapiga kelele, kisha wanaanza tena. Hakuyaamini masikio yake. Nilikuwa nasimama pale na kitambaa changu, mambo yakiisha namwashiria kwa kidevu, hivi, ndiyo anarudisha. Siku moja nilikwenda kumfungulia mgeni."

"Naikumbuka," nilisema.

"Nilimkuta uani, amekaa kwenye ndoo. Akaniambia, mama watoto, usiende tena mbali."

Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa upande wake, kisha yakafungwa. Hakuna kilichofutwa.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, mama."

"Basi andika hivyo."