Chokaa Juu ya Twiga

Mwezi uliopita, nikirudi kutoka ibada ya asubuhi, upepo wetu huu wa Singida usiojua kupumzika uliniletea harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji. Vijana wa mtambo wa kokoto walikuwa wameikoroga kwenye pipa chini ya kilima, wakipaka mawe ya mpaka kuonyesha mwisho wa eneo watakalolipua. Kuna watu husema chokaa haina harufu. Mimi naijua. Inafanana na vumbi la darasani lililonyeshewa, kali na baridi kwa pamoja, na kila inaponifikia mikono yangu hutafuta pa kujificha ndani ya kanga.

Niruhusuni nisimulie taratibu. Kicheko kimo katika habari hii, lakini sehemu kubwa ni aibu, nami namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kutosha kuisema.

Kilima chenyewe ni rundo la majabali, kama mengi yaliyotapakaa kati ya Mkiwa na Ikungi. Mgeni akiyaona hudhani mtoto wa jitu alikuwa akiyapanga, akaitwa kula kabla hajamaliza. Upande wa machweo jabali moja limeinama likafanya paa, na ukutani, chini ya paa hilo, palikuwa na michoro. Alikuwepo twiga mrefu, mwekundu kama kichuguu kilicholowa, shingo yake ikifuata ufa wa jiwe. Nyuma yake walikuwepo swala wawili, na watu wembamba kama njiti, wenye vichwa vikubwa, mmoja ameinua mkono. Hakuna aliyejua umri wa michoro hiyo. Wazee wa wazee wetu walipofika na ng'ombe wao waliikuta.

Njia ya kwenda kutafuta kuni ilipita pale pale. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa mtu wa kupita pale kimya. Alikuwa akitua mzigo, akifungua kitambaa cha kichwa, akisema, "Hodi, wenyeji." Kisha alisubiri, kwa muda ambao mtu aliye ndani angehitaji kujifunga nguo na kuja mlangoni. Akisharidhika, alitikisa kichwa, akapachika kijiti cha majani mabichi chini ya jiwe, akajitwika tena.

Nilimuuliza siku moja hao wenyeji ni nani. Aliniambia ni watu waliokuwa wakiwinda na kula asali katika nchi hii kabla sisi Wanyaturu hatujaja na mbegu zetu za uwele.

"Walikwenda wapi?"

"Hatukuwauliza," alisema Bibi. "Ndiyo maana tunabisha hodi. Aliyeukuta moto asiseme ameukoka yeye."

Sikumwelewa. Nilikuwa katika darasa la kipaimara, na kichwa changu kilijaa amri kumi, hasa ile ya pili, ya sanamu za kuchonga. Isitoshe, watoto wenzangu walikwisha kumwona. Yona, mtoto wa jirani, mwenye meno mawili ya mbele yaliyotangulia kufika popote kabla yake, alinipa jina la Mjukuu wa Jiwe.

"Mjukuu wa Jiwe, shikamoo ya bibi yako imeitikiwa?"

"Bado," mwingine alidakia. "Jiwe limeenda kuoga."

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Tangu siku hiyo, tulipokaribia kilima na Bibi, nilijifanya nimeona kuni nzuri mahali pengine. Nilikaa mbali hadi amalize, nikijisemea moyoni kwamba mimi na yule mwanamke mzee tumekutana tu njiani.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti. Kanisa letu la kwanza alilijenga yeye, kwa tofali za udongo alizozifyatua kwa mikono yake, na hadi leo kaburi lake liko ubavuni mwa kanisa jipya, limesakafiwa vizuri na wajukuu. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na sikumbuki alinichapa hata mara moja. Nasema haya ili msimfikirie vibaya kwa yanayofuata.

Ilikuja habari kwamba Baba Askofu angefika kwetu kutia watoto kipaimara. Kijiji kizima kilishikwa na homa ya usafi. Njia zilifagiliwa, kuku walifungiwa, kwaya ilifanya mazoezi hadi sauti zikakauka. Chokaa ililetwa kwa gari la ng'ombe, kanisa likapakwa likawaka kama jino. Ikabaki nusu gunia.

Jioni moja tulikuwa uani, Bibi anapepeta uwele, baba amekaa kwenye kigoda na sahani yake ya ugali na mlenda haijaguswa.

"Gari la Askofu litapita chini ya lile jiwe," alisema.

"Barabara ndiyo ile ile," Bibi alijibu.

"Atauliza, mama. Watu watamwambia. Nitasema nini? Kwamba mama wa mwinjilisti anabisha hodi kwa mawe?"

Bibi alirusha uwele juu, upepo ukachukua makapi. "Mwambie mama yako ana adabu."

Baba aliinamia sahani yake. Mimi niliyekuwa nikikoka moto niliona uso wake, na nilimwonea huruma, maana niliujua ule uso. Ndio niliokuwa nao mimi Yona alipoanza.

Jumamosi yake sisi watoto wa kipaimara tulipanda kilimani kwa kuimba, kila mmoja na maji kichwani. Baba alikoroga ile chokaa iliyobaki, akapaka kwa brashi ya katani. Mkono wa kwanza wa chokaa haukutosha. Swala walipotea mapema, na wale watu wembamba wakafuata, lakini chokaa ilipoanza kukauka twiga alirudi, amefifia, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Baba akapaka tena. Twiga akatoa shingo. Akapaka mara nyingine, kwa nguvu, chokaa ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na tukapiga makofi ukuta ulipokuwa mweupe mtupu. Halafu akasaga mkaa, akaandika kwa herufi kubwa: KARIBU BABA ASKOFU. Alianza kwa herufi pana mno, nafasi ikamwishia, na neno la mwisho likabanwa pembeni.

"Askofu amekuwa mtoto," Yona alininong'oneza. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tunacheka pamoja chini ya jiwe lile, na nilirudi nyumbani mwepesi kama niliyetuliwa mzigo.

Jioni Bibi alirudi na kuni. Nilikuwa nimejibanza karibu na jiwe nione atakavyofanya. Alitua mzigo. Alifungua kitambaa. Aliutazama ule weupe kwa muda mrefu, na midomo yake ikajiandaa kusema neno, lakini neno halikutoka. Akajitwika kuni zake, akapita pembeni kabisa ya njia, kama mtu anavyopita karibu na nyumba yenye msiba. Kile kijiti cha majani kilibaki mkononi. Alifika nacho nyumbani, nadhani hakujua pa kukiweka.

Jumapili tulipanga mistari chini ya jiwe, watoto mbele, kwaya nyuma, kina mama pembeni. Gari lilikuja na vumbi lake. Baba Askofu alishuka, mzee mwembamba mwenye miwani, akasoma maandishi ukutani, akacheka kwa furaha, akashukuru. Kisha akaanza kulitazama jiwe kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kama anayetafuta mlango.

"Mwinjilisti," alisema, "mwalimu mmoja aliyefanya kazi huku zamani alinisimulia habari za michoro ya watu wa kale. Alisema kuna twiga. Siku nyingi nimetamani kuona kazi ya mikono ya watu wale, maana nao Mungu aliwaumba. Iko kilima gani?"

Baba alikuwa amesimama na Biblia kifuani. Katika kucha zake chokaa ilikuwa bado nyeupe. Akazificha chini ya Biblia. Nilimwona Yona akiniangalia, na safari hii hakuwa na utani wowote.

Bibi alitoka kati ya kina mama, amevaa kanga yake ya ibada.

"Shikamoo, mama," alisema Askofu.

"Marahaba, mwanangu. Huyo twiga yupo hapa hapa. Amefunikwa, gari lako lina vumbi jingi. Ukija tena utamkuta. Leo watoto wanakungoja, na jua linawachoma."

Askofu alimtazama Bibi, akautazama ukuta, mwisho akamtazama baba. Kama alielewa, hakuonyesha. Alisema, "Basi nitakuja tena," akamshika baba mkono ule wenye chokaa, wakaenda kanisani pamoja. Hakurudi. Mwaka uliofuata tulisikia ametwaliwa na Bwana.

Mimi nilipokea kipaimara siku ile kwa hofu. Nilikuwa na hakika kwamba Bibi amemdanganya askofu mbele ya watu, na kwamba kabla ya amina ya mwisho radi ingetushukia. Nilitazama dirishani kila mara, nione kama wingu linakuja. Palikuwa na jua tu, na Bibi amekaa benchi la nyuma akimshikia mama mmoja mtoto.

Baba na Bibi hawakuzungumza juu ya jambo lile mbele yangu. Ila tangu hapo baba alikuwa akimpelekea Bibi maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe, kazi ambayo kwetu ni ya wasichana, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nafundisha shule ya Jumapili. Tulifika mahali Nuhu amelala uchi hemani, na wanawe wawili wanatembea kinyumenyume na nguo mabegani, wasiuone uchi wa baba yao, wamfunike. Nilikomea katikati ya sentensi. Watoto walidhani nimesahau. Nilikuwa nimemwona Bibi akitoka kati ya kina mama. Sisi ndio tuliomvua utu wake mbele ya kijiji kizima, naye akaja na nguo kumfunika mwanawe.

Hapo ndipo nilipoelewa na jambo jingine, gumu zaidi. Hakuna amri iliyotupandisha kilimani siku ile. Baba hakuliogopa jiwe, wala hakuamini kwamba Bibi aliliabudu. Alimjua mama yake. Aliona haya, kama nilivyoona haya mimi, na tukaiita haya yetu imani. Nimetubu kwa mengi, lakini hili la kumsingizia Mungu aibu zetu hunilemea kuliko mengine.

Sasa mtambo umefika. Kokoto zinatakiwa barabarani, vijana wetu wamepata vibarua, na mimi siwalaumu. Wiki mbili baada ya mawe ya mpaka kupakwa alikuja binti mmoja, mtaalamu wa mambo ya kale, akakaa nasi mkutanoni. Alisema akiona michoro, upande ule wa kilima hautaguswa. Asipoiona, hana la kuzuia. Mwenyekiti akamjibu kwa nia njema kabisa kwamba pale hapana kitu, ni chokaa ya zamani tu ya kumkaribisha askofu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Waliobaki wanaokijua kilicho chini ya chokaa tunahesabika, na Yona yuko kitandani, hasemi tena.

Nilisimama. Nikaeleza nani alipaka, kwa nini, na nani alibeba maji. Nililitaja jina la baba yangu, lililoandikwa kwenye jiwe la msingi la kanisa. Mpwa wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alinifuata nje.

"Shangazi, umemwanika babu mbele ya watu."

"Nimemwanika," nilisema.

Yule binti nilimpeleka mwenyewe. Alilowesha pembe ndogo ya ukuta, akaingiza kisu chembamba, gamba la chokaa likabanduka upana wa kiganja. Alipoligeuza, kipande cha shingo ya twiga kilikuwa kimeng'ang'ania mgongoni mwa chokaa, chekundu kama jana, na jiweni pakabaki doa lililofifia. Akaniambia ushahidi upo, ataomba mtambo usimame upande huu, lakini kila tutakapofunua tutaondoa na rangi, kwa hiyo pengine ni heri twiga abaki alivyo, amefunikwa, hadi waje wenye utaalamu kumzidi yeye. Pengine hatutamwona tena sisi tulio hai.

"Bibi, hapa palikuwa na nini kingine?" aliniuliza, kalamu mkononi.

Nilimwonyesha kwa kidole juu ya ule weupe: hapa swala, hapa swala mwingine, hapa watu wembamba. Nilipofika kwa yule aliyeinua mkono, sikuweza kukumbuka ulikuwa mkono upi. Nilikuwa nimepita pale utoto wangu wote nikitazama pembeni.