Mwalimu Rudia

Wanafunzi walimbatiza Mwalimu Rudia kabla hajamaliza wiki ya kwanza. Mimi waliniita Bi Ndimu, kwa kuwa uso wangu, walisema, hauna sukari, kwa hiyo sikumwonea huruma. Nilikuwa nimekula vumbi la chaki miaka thelathini, na kazi niliyopewa mwaka ule ilikuwa kumlea mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mwenye mvi za kumtosha mkuu wa shule, mpaka awe mwalimu wa hesabu.

Kwao alikuwa mwongoza ndege. Miaka kumi na minane alikaa mnarani akiwaambia marubani nani atue, nani asubiri, nani apande futi ngapi. Kisha uwanja wao ukafungwa, na viwanja vingine havikutaka kuanza upya na mtu wa umri wake. Huku kwetu walimu wa hesabu walikuwa hawatoshi, serikali ikafungua mlango kwa wageni wenye hesabu kichwani: njoo, jifunze ualimu mwaka mmoja, upate leseni. Akaja na mkewe, mshonaji, na binti yao wa miaka tisa. Kibali cha kukaa cha wote watatu kilitegemea mafunzo yake. Akianguka, wana siku sitini za kufunga mizigo.

Na kuanguka hakukuwa mbali. Mtihani wenyewe ni kufundisha mbele ya mkaguzi, na unapewa nafasi tatu. Mkaguzi anakaa nyuma, anaandika, kisha dakika kumi za mwisho anawapa wanafunzi swali lake mwenyewe kwenye karatasi. Nusu ya darasa wasipopata, umeanguka. Mara ya kwanza walipata tisa kati ya thelathini na mmoja. Mara ya pili, saba.

Ajabu ni kwamba darasa lake lilikuwa tulivu kuliko madarasa yote ya ghorofa ile. Anaeleza kitu, anamnyooshea mtu kidole: "Rudia." Mtoto anarudia neno kwa neno. Anamnyooshea mwingine, naye anarudia, wanasonga mbele. Alinieleza kwamba mnarani ndivyo ilivyo. Rubani akipewa agizo lazima alirudie, na akilirudia sawasawa, umemalizana naye, unageukia ndege nyingine. Mazoea yana taabu, na haya aliingia nayo darasani kama mtu anayeingia sebuleni na viatu vyenye tope. Lakini niseme kweli, nami nilipenda utulivu ule. Wao wakirudia, mimi nyuma nasahihisha madaftari yangu, najiambia mambo shwari. Kosa lile lilikuwa letu wawili.

Baada ya mara ya pili nilimkalia kooni kwenye chumba cha walimu. Nikamwambia hawa watoto wanakariri kama kasuku, na kasuku hapewi leseni wala aliyemfundisha. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akanisimulia habari ya rubani mmoja aliyeambiwa apande mpaka futi elfu kumi. Akarudia elfu kumi, sauti safi kabisa, halafu akaendelea kupanda hadi elfu kumi na moja, kulikokuwa na ndege nyingine. Walipishana karibu mno, wakaonana madirishani. Sijui kama alitia chumvi. 

"Na bado unaamini kurudia?" nikamuuliza.

Akainuka, akaenda kumwaga chai yake.

Siku ya mara ya tatu alikuja na shati ambalo mkewe alilipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Aliniambia binti yake alimuuliza asubuhi, akiwa na mswaki mdomoni, kama awaage rafiki zake leo au angoje. Amngoje baba, alimjibu. Nilitaka kusema neno la kumtia moyo, nikakosa, nikamwambia afute vumbi begani.

Somo lilikuwa baiskeli mbili zinazotoka miji miwili na kuelekeana, zitakutana baada ya muda gani. Aliandika kanuni ubaoni: jumlisha mwendo wa zote mbili, kisha gawanya umbali kwa hiyo jumla. Akamnyooshea kidole binti wa fundi baiskeli, anayekaa dirishani. Yule binti akasimama, akarudia bila kuangusha hata neno. Kalamu ya mkaguzi ikaweka alama ya vema. Zilibaki dakika ishirini na tano, na kwenye mpango wa somo sehemu nzima ya tatu ilikuwa inangoja. Nikasubiri anyooshee mwingine, kama kawaida yake.

Hakunyoosha. Alibaki akimtazama yule binti.

"Kwa nini tunajumlisha?" akamuuliza.

Binti akaanza kanuni upya kutoka juu. Mwalimu akamkatiza kwa upole, akamwambia asirudie.

"Niambie ulipotelea wapi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo mimi niliuona unakuja. Mbele ya mkaguzi huulizi swali usilojua litajibiwa nini, hilo hata mwanagenzi wa siku moja analijua. Nikakohoa ili apite, aendelee na mpango wake. Alinisikia vizuri sana. Hakugeuka.

"Tangu wiki ya kwanza, mwalimu," binti akasema, macho kwenye dawati. "Sijaelewa hata kimoja. Narudia tu."

Darasa likacheka. Halafu mmoja karibu na mlango akasema hata yeye. Mwalimu akawauliza ni wangapi. Mikono ikapanda mmoja mmoja, kwa woga, kisha kwa mkupuo. Nilihesabu mpaka kumi na tisa nikaacha. Mkaguzi hakuacha, kalamu yake ilikuwa inakwenda tu. Nikajisemea basi, maji yamezidi unga. Nilimkasirikia mpaka masikio yakapata moto, na katika hasira ile nikamwona kichwani mwangu mkewe anaifunga cherehani kwa shuka.

Yeye alifuta ubao wote, hata tarehe. Akawaambia wasogeze madawati kuacha njia katikati, akahesabu vigae kumi na viwili sakafuni. Akamsimamisha binti wa fundi mwisho mmoja, mwenzake mwisho wa pili. Kila atakapopiga kofi, binti atembee vigae viwili, mwenzake kimoja. Akapiga. Akauliza umbali kati yao umepungua vigae vingapi. Vitatu, wakasema. Akapiga tena. Vitatu tena. Kwenye kofi la nne walikuwa wamesimama vidole kwa vidole, darasa zima linacheka kwa aibu yao.

Hakumwambia mtu arudie. Alimuuliza yule binti kwa nini kila mara ni vitatu. Binti akatazama miguu yake. Mimi nilitazama saa. Dakika nzima ikapita, naye anamngoja kana kwamba ana siku nzima na si siku sitini.

"Viwili vyangu, kimoja chake," binti akasema. "Wote wawili tunaumaliza umbali uleule." Kisha, bila kuulizwa: "Kumbe ndiyo maana tunajumlisha."

Akauliza tena nani hajaelewa. Mikono sita. Akawaita hao sita waje watembee wao. Sehemu ya tatu ya mpango haikuguswa kabisa mpaka mkaguzi aliposimama na karatasi zake.

Swali lake halikuwa na baiskeli wala vigae. Lilikuwa la mabomba mawili yanayojaza tangi moja la maji, moja kwa kasi, jingine polepole. Nilipolisoma nilikufa ganzi. Maji hayakuwa yametajwa darasani mle hata mara moja. Nikawaangalia watoto wameinama, na binti wa fundi anachezesha vidole viwili juu ya dawati, vikitembea kuelekeana.

Mkaguzi alikwenda kusahihisha chumba cha walimu. Watoto walipotoka, sisi wawili tulibaki darasani peke yetu. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, magoti karibu na kidevu.

Mkaguzi aliporudi alisimama mlangoni. Alisema mpango wa somo haukumalizwa, na hilo ameliandika. Alisema waliopata ni ishirini na wawili.

"Umefaulu," akamwambia.

"Nimefaulu," akarudia, sauti safi kabisa, ile ya mnarani.

Mkaguzi akaenda zake. Mtu wangu hakusogea hata kidogo, simu iko mkononi, hapigi.

"Umeelewa?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Bado."

Nikavuta kiti cha jirani, nikakaa, nikamngoja.