Masua Iliyoondoka Bila Honi

Jumatano ilikuwa siku ya mashuka. Tulishuka bandarini asubuhi, wanawake wenye beseni kichwani, na mtu wa tanuru akatufungulia bomba ubavuni mwa masua. Maji yalitoka ya moto, yananuka chuma, na beseni ilijaa kabla hujamaliza kumsalimia. Mjini hakuna mwanamke mwingine aliyepata maji kama yale bila kukata kuni. Ndiyo maana mume wangu alipokufa nilikubali kazi ya kuwafulia mabaharia wa kampuni. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha, lakini maji yalikuwa ya moto.

Masua ndiyo meli. Kwetu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, hakuna aliyesema meli. Kampuni ilikuwa na tatu, zote za moshi, zote za zamani za Wazungu. Zililetwa vipande vipande kwa gari la moshi, zikaungwa ufukoni kwa misumari minene kama kidole gumba. Babu yangu alikuwa mmoja wa waliogonga misumari ile, na masikio yake yalikufia hapo. Mbele ziliandikwa majina ya wafalme wao. Sisi tuliziita Kikongwe, Mama Makaa na Nyange.

Kikongwe alikufa kwanza, kabla ya vita. Tumbo lilitoboka, mafundi wakamkata. Ukuta wake ukawa majembe na mbabula. Mbabula yangu, jiko la makaa nililopikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, ilikuwa kipande chake. Tundu za misumari zilibaki, na moto ulipumulia hapo vizuri kuliko jiko lolote la dukani. Mama Makaa alifungwa kamba gatini, mashine yake imetolewa moyo na maini ili Nyange aishi. Nyange peke yake ndiye aliyetembea. Alipakwa rangi nyeupe, na kapiteni wake, Kisimba, alipenda weupe mpaka mashati yake tuliyachemsha mara mbili.

"Kapiteni, shati hili utalioa lini?" mwenzangu Mado alimwuliza siku moja, akilipepea juu ya beseni.

"Nikilioa, Mado, wewe utakosa kazi."

Nyange alikuwa na honi ya mvuke, na mji wote ulikula na kulala kwa honi ile. Honi ya kwanza: epua chungu. Ya pili: funga mzigo. Ya tatu: kamba zinafunguliwa. Mtu aliyefika gatini kabla ya honi ya kwanza tulimcheka. Tulimwambia, wewe ni wa mlimani, umekuja kuitazama masua ikilala?

Ninaandika haya Seven Hills, hapa Sydney, tukiwa tumefungiwa ndani kwa ajili ya korona. Helikopta inapita juu ya mapaa na kipaza sauti chake. Wanajeshi wanatembea na polisi nyumba kwa nyumba kuuliza kama watu wamo ndani. Ni vijana, mikono mitupu, wameziba midomo. Mjukuu wangu aliwapungia mkono dirishani. Mimi sikunyanyuka kwenye kiti. Nimeshaona wanajeshi mlangoni. Hawa walibisha hodi, wakaenda zao.

Lakini Kapiteni Kisimba amekufa katika kifungo hiki, na nikinyamaza hakuna atakayesema sawasawa jinsi Nyange alivyoondoka. Watu wa kanisani wanasema alikuwa shujaa. Wengine, ambao ndugu zao walibaki, wanasema neno lingine. Mimi nilikuwa ndani ya masua. Nilisimama karibu naye kuliko wote.

Vita vilikuja kwanza kama kukosa. Tulikosa chumvi, kisha sabuni. Kisha malori ya kuni hayakushuka tena kutoka mlimani, na Nyange, ambaye alikula kuni kama arusi inavyokula wali, akalala baridi wiki baada ya wiki. Tulirudi kufulia maji ya ziwa na vidole vikapasuka.

Asubuhi moja askari waliokuwa wanatulinda walipita mtaani wamevaa nguo za raia. Mmoja alivaa kanzu ya kwaya. Niliijua, kwa sababu niliifua mimi. Askari wako akivaa kanzu ya kwaya, usiulize tena habari kwenye redio.

Kapiteni alisimama gatini na shati lake jeupe akasema tunaondoka leo, twende ng'ambo, Kigoma. Watu wakapiga kelele ya furaha. Yeye hakufurahi. Masua ya moshi si gari. Tanuru likilala baridi huliamshi kwa fujo. Ukiliharakisha linapasuka na wote mnapikwa. Maji yake yanataka karibu siku nzima kuchemka. Na kuni, hakukuwa na kuni.

Akamtazama Mama Makaa.

Wanaume walipanda na mashoka. Walibandua mbao za sakafu, milango, vitanda, na meza ya kulia ya Wazungu, ambayo miguu yake ilichongwa kama ya simba. Sisi wanawake tulibeba. Masua moja ilimla dada yake mbele ya macho yetu. Anayebeba kuni, watoto wake wana nafasi: ndiyo ilikuwa sheria, na sikuiona mbaya.

Nilikuwa na watoto watatu. Feza, wa kwanza, alikuwa na miaka tisa. Dodo na Jules walikuwa wadogo, wamenishika kitenge. Feza aliamka na malaria siku ile. Alilala juu ya mawe ya gati, meno yanagongana, na jua lilikuwa linapanda. Mama yangu mzazi alimgusa shingo.

"Jua hili litammaliza. Nampeleka nyumbani alale. Honi ya kwanza ikilia nambeba."

"Mama, kaeni tu hapa."

"Hapa wapi? Juu ya mawe kama ndagala? Tangu nizaliwe masua haijaondoka bila honi tatu. Nyumba si mbali. Wewe beba kuni zako."

Alimfunga Feza mgongoni, ingawa miguu ya mtoto ilikuwa mirefu na iliburuzika. Si wao tu walioenda. Nusu ya mji ilirudi nyumbani kufunga mizigo na kupika chakula cha njiani, wakisubiri honi. Hakuna aliyewaambia wasiende. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na la kuambiwa. Kapiteni mwenyewe, asubuhi ile, alifikiri atapiga honi.

Moshi ulipanda. Mbao za Mama Makaa zilikuwa na rangi ya miaka yote ile, tabaka juu ya tabaka, na zilitoa moshi mweusi, mnene kama kamba. Mlima wote uliuona.

Alasiri bunduki zililia juu, upande wa misheni.

Watu waliokuwa gatini wakapanda mara moja. Niliwatupa Dodo na Jules juu ya ukingo, kisha nikapanda mimi.

Chini, mtu wa tanuru alipaza sauti: mvuke upo, lakini kidogo.

Kapiteni akasema kamba zikatwe. Alisema zikatwe, hakusema zifunguliwe.

Nilipanda ngazi mpaka kwake. Wanawake hawakuruhusiwa pale juu. Hakuna aliyenizuia.

"Honi, Kapiteni."

"Hapana, Mama Feza."

"Piga honi. Wako nyumbani. Wanasubiri honi."

"Honi itawaita wote. Na wale wa juu pia. Wameuona moshi, lakini hawajui kama tumeshakuwa tayari. Na nikitoa mvuke huu kwa honi, tutabaki tunaelea."

Kamba ya honi ilining'inia karibu na kichwa chake, ina fundo la ngozi. Niliishika.

Akanishika mkono. Hakunipiga, hakunisukuma. Alinishika kama unavyomshika mtoto asiguse mbabula. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko wangu.

Tukasimama hivyo. Masua ikaanza kutembea chini ya miguu yetu.

Nikataka kuruka. Nilitazama chini: maji yalikuwa tayari mapana, na Jules alikuwa analia akiniita.

Wenye bunduki walifika gatini tukiwa mbali kidogo. Walipiga risasi. Mtu mmoja nyuma aliuawa, na madirisha yakavunjika. Kisha risasi zikawa zinaangukia majini bila kutufikia, kama mtu anayetema mate.

Kapiteni akaniachia mkono.

Nikashuka kwa wanangu. Sikulia, kwa sababu nilikuwa nimemwambia Jules anyamaze.

Habari za nyumbani nilizipata kambini, ng'ambo, kwa mdomo wa Mado, aliyekuja baadaye kwa mtumbwi wa wavuvi. Alinikalisha chini kwanza. Mama yangu alifunga mzigo, akaukalia mlangoni, Feza amelala mapajani mwake. Majirani walisema bunduki hizo, mama, twende. Akasema honi bado. Alipoona moshi unatembea juu ya ziwa, alisimama, akatazama, akasema, "Kumbe." Basi, neno hilo tu. Wakapanda mlimani na wengine. Homa ilimpanda Feza kichwani, na alikufa njiani, penye kijito. Walimzika hapo. Mama alirudi mjini peke yake, akafa kabla mvua za mwaka ule hazijaisha.

Nyange alifungwa kwenye bandari ya Kigoma. Hakuna aliyekuja kumdai, maana kampuni ilikuwa imekufa na wenye kampuni wametawanyika. Weupe ukatoka, kutu ikaingia, watoto wakawa wanavulia samaki kwenye mgongo wake. Mwisho aliuzwa kwa wakata vyuma. Mama Makaa, aliyebakia mbavu, alizama palepale gatini kwetu, na wanawake sasa wanafulia juu ya ukingo wake. Hivyo ndivyo zilivyoisha zote tatu. Hakuna hata moja iliyozama kwa dhoruba, kama watu wanavyodhani masua hufa.

Miaka mingi kambini, kisha tukaletwa huku. Wanangu wamekua. Dodo anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo ghalani, Jules anahudumia wazee na analipwa vizuri kuliko kapiteni yeyote. Wana watoto, na hakuna shule ya hapa Blacktown yenye watoto wasafi kama wangu. Kola zao nazipiga pasi mwenyewe. Wote hapa wananiita Mama Feza. Mjukuu mmoja aliniuliza kwa Kiingereza chake, Koko, yaani bibi, Feza ni nani? Baba yangu anaitwa Dodo. Nikamwambia ni shangazi yako. Akauliza anakaa wapi.

Kisimba alikuja baadaye na mkewe, Mama Odila, wakapewa nyumba Penrith, hapa hapa Sydney. Tulikutana kanisani. Mashati bado meupe. Tulisalimiana kwa mikono miwili, kwa heshima, miaka yote ile, na honi hatukuitaja. Watu walifikiri tumesahau.

Korona ilipotufungia, makanisa yakafungwa, na kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine ikawa makosa. Ndipo akaanza kunipigia simu. Mwanzo aliuliza bei ya unga wa muhogo. Kisha habari za Mado. Siku moja alikohoa kwanza, akasema:

"Mama Feza, kama usukani ungekuwa wako siku ile, ungefanya nini?"

"Ningepiga honi."

"Wangetuua."

"Wangetuua, ndiyo."

"Hata Dodo? Hata Jules?"

"Hata wao. Ningepiga."

Akasema, "Basi ni vizuri nilikushika mkono."

"Kwao ni vizuri," nikasema. "Kwa Feza si vizuri."

"Njo vile," akasema. Ndivyo. "Sijawahi kusema ni vizuri kwa Feza."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza nasikia jina la mwanangu peke yake, bila Mama mbele, mdomoni mwake. Baada ya hapo kikohozi kiligeuka homa, akapelekwa hospitali, na mkewe alimuaga kupitia kioo cha simu.

Mazikoni waliruhusiwa watu kumi tu. Mama Odila alikuwa na watoto, wakwe, mchungaji. Akanipigia.

"Nafasi moja nimekuwekea wewe. Ukikataa sitauliza kwa nini."

Nilikwenda. Jules alinipeleka, akabaki garini kwa sababu hakuhesabiwa. Viti vilitawanywa kwenye majani, mbali mbali, kila mtu na baridi yake. Mchungaji alisema marehemu aliokoa roho nyingi siku ile ziwani. Kisha akauliza kama kuna anayetaka kuongeza neno. Nikasimama. Nilishusha barakoa ili wanisikie.

"Alituvusha," nikasema. "Wanangu wawili wako hai kwa mkono wake. Binti yangu Feza na mama yangu walibaki wakisubiri honi ambayo yeye hakuipiga, na wakafa. Mkono ni uleule. Mimi sijui kuvitenga vitu hivyo viwili, na yeye hakuwahi kuniomba nivitenge."

Nikakaa.

Upepo ulikuwa mwingi. Nilimwona mwana wao mkubwa amekunja uso, na nilifikiri nimeharibu maziko ya watu. Mama Odila aliinuka kwenye kiti chake, akavuka majani mpaka kwangu, ingawa ilikatazwa, akainama sikioni.

"Miaka yote hii," akasema, "usingizini alikuwa anashika mkono wangu na kusema hapana, Mama Feza."

Kisha akarudi kukaa, na wakashusha jeneza.